Hilux na Leaf: Kila Gari na Uzee Wake

Fundi anayeijua kazi yake hahitaji kompyuta kuipima Hilux ya zamani. Anawasha injini, anaiacha ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, kisha anafungua kifuniko cha oili na kukiweka juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitulia, ringi za pistoni bado zinabana. Kikirukaruka na moshi ukafuka tunduni, mgandamizo unavuja na injini haiko mbali na kushushwa. Halafu anazunguka nyuma kutazama ekzosi. Moshi mweusi unamrudisha kwenye nozeli au chujio la hewa, wa bluu unasema oili inaungua, na mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto mara nyingi ni maji yanayopenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Robo saa haijaisha, mnunuzi anajua anachonunua na anajua aombe kupunguziwa kiasi gani.

Nissan Leaf iliyoshushwa bandarini wiki iliyopita haina kifuniko hicho. Haina oili ya injini, nozeli, klachi, ekzosi wala mkanda wa taimingi. Mtu anabonyeza kitufe, dashibodi inawaka, gari liko tayari na halijatoa mlio wowote. Kila kitu kinaonekana kipya. Kilichochakaa kimelala chini ya viti, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, na macho ya fundi hodari kuliko wote hayafiki huko.

Magari haya mawili yanapowekwa kwenye mizani, mjadala huanzia kwenye bei ya dizeli na bei ya umeme. Hesabu hiyo ni ya kweli na itafanywa hapa, ila ni nusu ya habari. Afrika Mashariki hununua zaidi magari ambayo wengine wameshayatumia. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, jambo zito kuliko jinsi gari linavyokwenda ni jinsi linavyozeeka: uzee unaanzia wapi, nani anaweza kuuona, na nani anaweza kuutibu.

Chuma kinachochakaa kipande kimoja kimoja

Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968, ikiundwa na kampuni ya Hino kwa niaba ya Toyota. Inayozungumzwa zaidi na mafundi wa huku ni ile ya miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, yenye injini za dizeli za ukoo wa L: 2L, 3L na 5L. Hiyo 5L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,986, silinda 4, na haina tabo. Nguvu yake haizidi sana farasi 100 na msokoto wake unakaribia Nm 200. Kwa vipimo vya leo hizo ni nguvu za wastani. Injini hiyo hailazimishwi, na hapo ndipo siri ya umri wake ilipo.

Dizeli ya injini hizi haiingii moja kwa moja kwenye silinda. Inapuliziwa kwanza kwenye chumba kidogo pembeni, kwa shinikizo la chini sana likilinganishwa na la mifumo ya kisasa. Ndiyo maana ziliweza kuvumilia mafuta machafu ya zamani, kabla nchi za Afrika Mashariki hazijahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Hilux mpya zaidi ina nozeli za kompyuta, na tenki moja la mafuta yaliyochanganywa na maji linaweza kumtia mwenyewe hasara kubwa. Mwenye 5L anamwaga maji kwenye chujio, anatoa hewa kwenye pampu kwa mkono, anaendelea na safari.

Ugumu huo ulionyeshwa hadharani mwaka 2003, pale kipindi cha televisheni cha Top Gear cha Uingereza kilipochukua Hilux ya 1988 yenye injini ya dizeli ya lita 2.4, kikaiacha izamishwe na maji ya bahari, kikaichoma moto, kikaiweka juu ya jengo lililobomolewa kwa baruti. Mafundi walikuwa na spana za kawaida tu na hawakuruhusiwa kubadilisha spea. Iliwaka. Watazamaji wa Ulaya walishangaa. Dereva wa pikapu wa Mpanda au Lodwar angetaka tu kujua kama rejeta ilipona.

Pamoja na hayo, Hilux inazeeka, na inazeeka sehemu mia. Bushi zinalegea, springi za nyuma zinalala kwa mizigo, nozeli zinadondosha badala ya kupulizia, klachi inateleza, mkanda wa taimingi unadai kubadilishwa kila kilomita 100,000 au uikatie injini maisha. Pwani kuna adui mwingine: hewa ya chumvi inayokula chasisi kuanzia ndani, mpaka siku moja bisibisi inapenya pale palipopakwa rangi nyeusi juzi. Lakini kila ugonjwa una spea yake, na spea hiyo iko Kirinyaga Road Nairobi, iko Ilala Dar es Salaam, na mara nyingi iko kwenye duka dogo la mji wa wilaya. Gharama inakuja kidogokidogo, na mwenye gari anaweza kuipanga: mwezi huu boli jointi, mwezi ujao tairi mbili.

Uzee wa mahali pamoja

Leaf iliingia sokoni Japani na Marekani Desemba 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24, yaani kile ambacho mteja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, angekiita uniti 24. Kizazi cha pili kilichoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017 kilikuja na betri ya uniti 40, na baadaye ikaongezwa ya 62. Mota ya toleo la uniti 40 ina kilowati 110, karibu farasi 150, na msokoto wa Nm 320. Msokoto huo unaizidi 5L kwa zaidi ya nusu, na unapatikana tangu tairi zinapoanza kuzunguka. Kwenye taa za barabarani, kigari hiki cha milango mitano huiacha pikapu nyuma bila jasho.

Mota yenyewe haina cha kuchakaa haraka. Breki pia hudumu, kwa sababu dereva anapoachia mafuta mota hugeuka kuwa jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Karibu uzee wote wa gari hili umekusanyika mahali pamoja: seli 192 za lithiamu zilizopangwa chini ya sakafu.

Seli hizo hazipendi joto. Watengenezaji wengi wa magari ya umeme hupitisha maji ya kupoza ndani ya betri zao. Leaf ya kizazi cha kwanza na cha pili haikuwekewa mfumo huo, na joto la betri huachwa litoke lenyewe hewani. Athari zake zilijulikana mapema. Mwaka 2012, wamiliki wa Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, kwenye jangwa la Phoenix, walianza kulalamika kwamba magari yao machanga yanapoteza uwezo kwa kasi. Mzozo huo ukaishia kwa Nissan kuongeza dhamana ya uwezo wa betri: ikishuka chini ya vistari 9 kati ya 12 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, kampuni itengeneze. Kizazi cha tatu, kilichotangazwa 2025, hatimaye kimepewa betri inayopozwa kwa maji. Uamuzi huo unasema mengi kuhusu zile zilizotangulia, ambazo ndizo zinazoletwa Mombasa na Dar es Salaam.

Vistari hivyo 12 vinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndivyo muuzaji anavyopiga picha na kutuma kwa WhatsApp. Kwenye dashibodi kuna safu mbili. Moja, yenye vistari vinene, inaonyesha chaji iliyomo sasa. Pembeni yake kuna safu ya vistari vyembamba inayoonyesha uwezo uliobaki wa betri. Wengi wanazichanganya. Hata asiyezichanganya anaweza kudanganyika, kwa kuwa kwenye Leaf za mwanzo kistari cha kwanza hakipotei mpaka betri ipungukiwe na takriban asilimia 15. Betri yenye asilimia 99 na yenye asilimia 86 zote zitasoma 12. Imewahi pia kutokea huko nje kwamba kumbukumbu ya kompyuta ya betri inafutwa kabla ya mauzo, vistari vinarudi vyote, na baada ya wiki kadhaa za kuendesha vinaanza kudondoka upya.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile ambacho wauzaji huandika SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia. Kinasomwa kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, mahali palepale mafundi wanapochomeka mashine ya kusoma makosa, na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Programu hiyo inaonyesha pia volti za seli moja moja. Seli mbili tatu zikiwa chini ya wenzake, gari litazima mapema ingawa wastani unaonekana mzuri. Kwa mnunuzi wa Leaf, hiki ndicho kifuniko cha oili.

Hali ya hewa nayo inaingia kwenye bei kwa namna ambayo wanunuzi wachache wanaifikiria. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wa baridi ni dawa kwa betri isiyo na mfumo wa kupoza. Arusha na Mbeya zina bahati hiyohiyo. Dar es Salaam, Mombasa na Tanga, ambako joto halishuki sana hata usiku wa manane, betri hiyohiyo itazeeka mapema zaidi. Pwani basi inayala magari yote mawili: chumvi inachukua chasisi ya Hilux, joto linachukua betri ya Leaf. Tofauti ni kwamba kutu inaweza kugongwa kwa nyundo na kusikika.

Hesabu ya kilomita 100

Chukua mfanyakazi wa Dar es Salaam anayetoka Mbezi kwenda Posta kila siku. Hilux ya zamani ya lita 3 itakula lita 10 hivi kwa kilomita 100, na ikikwama kwenye foleni itakula zaidi. Dizeli ikihesabiwa kwa shilingi 2,800 kwa lita, hizo ni shilingi 28,000. Leaf ya uniti 40, kwa kipimo rasmi cha Marekani kinachojumuisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, inahitaji uniti 19. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya nyumbani ya TANESCO, shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni takriban shilingi 6,800. Akitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, ameokoa karibu milioni 3.2, kabla ya kuhesabu oili na chujio ambazo Hilux inazidai kila kilomita 5,000.

Tofauti hii inatokana na fizikia zaidi kuliko bei. Lita 10 za dizeli zina nishati ya karibu uniti 100. Sehemu kubwa, kwenye injini ya aina hii zaidi ya theluthi mbili, inatoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Lita hizohizo zinaacha hewani kilo 27 hivi za kaboni dayoksaidi, mbali na masizi anayoyavuta mwendesha bodaboda aliye nyuma. Umeme wa Kenya, kwa upande wake, takriban asilimia 90 unatokana na vyanzo jadidifu, ukiongozwa na mvuke wa ardhini wa Olkaria. Tanzania sasa ina bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kwa Nairobi kuna nafuu nyingine: tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji magari, iliyoanza ikiwa shilingi 16 za Kenya kwa uniti na nusu yake katika saa ambazo matumizi ya umeme yako chini, kabla ya tozo.

Mpaka hapo Leaf imeshinda, na kwa mbali. Sasa gari litoke mjini.

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 na inapanda karibu mita 1,000 kwenye Milima ya Usambara. Kuinyanyua tu Leaf na abiria wake watatu mpaka kule juu, bila kuhesabu msuguano wa tairi na hewa, kunataka karibu uniti 5. Jumla yote inafika robo ya betri mpya. Inawezekana kabisa, na wakati wa kushuka sehemu nzuri ya nishati hiyo itarudi. Kinachoshindikana ni kazi yenyewe ya barabara hiyo. Kutoka Lushoto kunashushwa kabichi, karoti na nyanya zinazolisha masoko ya Tanga na Dar es Salaam, na pikapu inabeba tani moja kwa safari. Leaf ikishapakia watu wanne na mizigo yao imefika mwisho wa uwezo wake. Tumbo lake liko sentimita 15 hivi kutoka chini, na kinachotangulia kugusa jiwe ni lile sanduku la betri.

Masafa nayo yana ukweli wake. Kwa kipimo rasmi kilekile cha Marekani, Leaf ya uniti 40 ikiwa mpya inakwenda kilomita 243. Ikiwa afya ya betri imeshuka hadi asilimia 80, zinabaki 194 hivi. Dar es Salaam mpaka Morogoro ni karibu kilomita 190. Dereva anayeondoka na chaji kamili, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na malori yakimlazimisha kupita kwa kasi, ataanza kutafuta umeme kabla ya kuiona Milima ya Uluguru. Akiupata kwenye soketi ya kawaida ya nyumba ya wageni, atakaa zaidi ya saa 12 kujaza. Tundu la kuchajia haraka kwenye Leaf za Japani ni la aina ya CHAdeMO, na dunia inalipa kisogo. Leaf mpya ya Ulaya imehamia tundu la aina nyingine, CCS.

Nani atalitibu?

Nairobi imeshajaribu magari haya kwa kazi nzito. Mwaka 2018 ilizinduliwa huduma ya teksi ya NopeaRide iliyotumia Leaf, na kampuni ikajijengea vituo vyake vya kuchajia. Mwishoni mwa 2022 ikafungwa, baada ya kampuni mama ya Finland kuishiwa fedha. Kilichoisha hapo ni mtaji. Jiji tayari lilikuwa limeonyeshwa kwamba kigari cha umeme kinaweza kulala kwenye chaja na kuamkia kazini kama teksi nyingine.

Kinachopungua mpaka leo ni gereji. Betri ya Leaf ya mwanzo imepangwa kwa vifurushi 48 vinavyofungwa kwa bolti, na fundi mwenye ujuzi anaweza kutoa vilivyochoka na kuweka vingine. Lakini sanduku hilo lina takriban volti 360 za umeme usiogeuka mwelekeo. Kosa moja linaua. Kazi hiyo inataka glovu maalumu, vipimo sahihi na nidhamu ya kukata plagi ya usalama kabla ya kugusa chochote. Ujuzi wa Hilux ulisambaa kwa kijana kumshikia fundi tochi kwa miaka mitatu. Wa Leaf lazima ufundishwe darasani kwanza, na vyuo kama VETA kwa Tanzania na vile vya ufundi vya Kenya vingepaswa kuwa na betri ya Leaf mezani leo, maana magari yameshafika.

Betri iliyochoka kwa gari bado ina kazi nyingine, na hilo linaongeza thamani yake kwa anayejua. Tangu 2018 uwanja wa mpira wa Amsterdam, Johan Cruyff Arena, una hifadhi ya umeme iliyoundwa kwa betri zenye uwezo sawa na za Leaf 148, baadhi zikiwa zimeshatumika barabarani. Zahanati au mashine ya kusaga yenye paneli za sola ingefaidika na betri hizo kwa miaka. Zisipopata watu wa kuzifungua kwa usalama, zitaishia kwenye majalala.

Sera pia inatakiwa kuwa na jicho jipya. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini. Tanzania inaruhusu, ila inatoza ushuru wa ziada likizidi miaka 8, na mkubwa zaidi likizidi 10. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya injini. Ile ya Kenya imesaidia kuzuia Leaf kongwe zaidi zisimiminike huko, na mwaka 2019 nchi hiyo pia ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Lakini umri wa makaratasi hausemi lolote kuhusu betri. Leaf ya miaka 4 iliyokuwa ikichajiwa haraka mara tatu kwa siku inaweza kuwa imechoka kuliko ya miaka 7 iliyokuwa ya bibi wa Hokkaido, ambako baridi ni kali na safari ni za sokoni. Magari ya Japani yanayokwenda Kenya hukaguliwa kabla ya kupanda meli: breki, taa, mionzi. Kusoma SOH kungechukua dakika 5, na namba hiyo ikiandikwa kwenye cheti, soko zima lingenyooka.

Mpaka hilo litakapofanyika, uchaguzi unategemea kazi. Mwenye shamba, duka la jumla au eneo la ujenzi anunue pikapu, achague yenye chasisi kavu, na aitumie kubeba mizigo kweli. Mwenye ajira mjini, nyumba yenye soketi salama na safari zisizozidi kilomita 80 kwa siku anapoteza mamilioni kila mwaka kwa kuendesha tani moja ya nafasi tupu, na Leaf ya uniti 40 ingemtosha. Huyu wa pili, kabla ya kutuma pesa Japani, adai picha ya LeafSpy yenye tarehe, namba ya chasisi, asilimia ya SOH na mchoro wa seli zote. Muuzaji akikataa kuitoa, mnunuzi aihesabu betri kama iliyobakiza asilimia 70 na ataje bei kwa kiwango hicho, au ahamie kwenye gari linalofuata kwenye orodha.